Kitendawili Kimekwisha, Majigambo Yamebaki

Kwa miaka karibu kumi, kila Septemba nilikuwa na ibada yangu ya usiku mmoja. Nilinunua bando kubwa kuliko la kawaida, nikala mapema, nikajifungia chumbani na kompyuta. Saa mbili kamili usiku kwa saa zetu, huko California ikiwa bado asubuhi, taa za jukwaa ziliwaka, akatoka mtu aliyevaa kama anayekwenda dukani kununua mkate, akatuonyesha simu mpya. Nilikaa mpaka mwisho. Kesho yake ofisini nilikuwa mtu wa kuulizwa.

Mwaka jana sikujua hata kama siku ilikuwa imepita. Nilijua siku tatu baadaye, kijana mmoja wa idara ya uhasibu aliponifuata mezani.

"Kaka, umeionaje?"

"Nimeionaje nini?"

Alinitazama kama mtu aliyekuja kuuliza habari akakuta msiba. Nikacheka, nikasema nilikuwa na kazi nyingi. Si kweli. Usiku ule nilikuwa nyumbani nachambua maharage, na simu yangu ya mwaka 2018 ilikuwa kabatini inachaji.

Kwanza nilidhani ni uzee. Waswahili wanasema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na mtu asiyevutwa tena hata na kipya, watu humhurumia. Lakini mwezi huohuo nilikuwa nimekesha nikisoma riwaya mpya, na nilikuwa nimevuka jiji zima kwenda kuonja supu ya pweza niliyosifiwa. Hamu ya vipya ilikuwa ipo. Iliyokuwa imekufa ni hamu ya kipya kimoja tu. Na mtu akiacha ghafla kupenda aina ya hadithi aliyoipenda kwa miaka, haki ni kuikagua hadithi yenyewe kabla ya kumpima msikilizaji presha.

Kwa hiyo nilifanya kazi ya mhakiki. Nilirudi kutazama zile hotuba za uzinduzi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma diwani zote za mshairi mmoja.

Nilianza na ile ambayo wengi huiona kama mama yao. Tarehe 9 Januari 2007, jijini San Francisco, Steve Jobs alisimama jukwaani akasema leo ataonyesha vitu vitatu: iPod yenye kioo kipana cha kugusa, simu ya mkononi, na kifaa cha kuingilia intaneti. Akavitaja tena. Akavitaja mara nyingine, picha tatu zikizunguka nyuma yake, halafu akawauliza waliokaa kama wameanza kumwelewa. Ndipo akawaambia havikuwa vitatu, ni kimoja, na kinaitwa iPhone. Kabla ya kukionyesha aliwachokoza kidogo: alitoa picha ya iPod iliyobandikwa kile kibao cha duara cha kuzungusha namba, kama cha simu za mezani za zamani. Watu wakacheka. Baadaye akapiga simu kwenye mgahawa halisi, akaagiza vikombe elfu nne vya kahawa ya maziwa, kisha akasema amekosea namba.

Niliitazama safari hii na nikajua kwa nini ilinikamata. Mtoto yeyote aliyekaa jioni na bibi yake anaufahamu muundo ule. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu kubwa haina mlango. Unageuza kichwani vitu unavyovijua, nyumba, mlango, ukubwa, na unashindwa kuviunganisha, mpaka bibi anasema yai, na yai ulilokula asubuhi linakuwa kitu kigeni mkononi mwako. Jobs alifanya hivyohivyo. Hakuna hata kimoja katika vile vitatu ambacho hadhira yake haikukijua. Alichowanyima kwa dakika mbili ni namna ya kuviunganisha.

Ajabu ni kwamba kifaa chenyewe kilikuwa na mapengo. Kamera yake ilikuwa ya megapikseli 2 na haikurekodi video. Hakikuwa na intaneti ya kasi ya 3G ambayo simu nyingine zilikuwa nayo. Hakikuweza kunakili neno na kulibandika pengine. Duka la programu lilikuja Julai 2008. Kwa vipimo vya karatasini kilishindwa na simu kadhaa za wakati wake. Lakini kitendawili hakipimwi kwa urefu.

Tatizo la kitendawili ni moja: kikishateguliwa, huwezi kuwatega watu walewale. Bibi anayejua kazi yake hutafuta kingine, au hubadili jioni ikawa ya ngano, au huwaambia wajukuu waende kulala. Kampuni za simu hazikuweza kuwaambia wajukuu waende kulala. Jioni ilikuwa imeshawekwa kwenye kalenda, wanahisa wanasubiri, na mwakani itakuwepo tena. Kwa hiyo jukwaa likabaki na fani ikabadilika.

Fani iliyochukua nafasi yake tunayo pia katika fasihi simulizi yetu: majigambo. Mwenye kujigamba husimama mbele ya watu akajisifia nguvu zake, silaha zake, ng'ombe wake, alivyovuka mto uliowashinda wengine. Ni fani nzuri ikiwa na sababu. Hujigamba mtu aliyerudi vitani, au kijana aliyetoka jandoni. Haimtaki msikilizaji afikiri, inamtaka ashangilie, na msikilizaji hushangilia kwa sababu anajua tendo lilitendeka.

Sasa sikiliza hotuba za miaka iliyofuata. Hii ndiyo simu bora kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Mwakani: hii ndiyo bora kuliko zote. Shujaa amerudi vitani, lakini aliyemshinda ni yeye mwenyewe wa mwaka jana. Vipimo navyo huonyesha mambo polepole kuliko sauti ya msemaji. Kamera kuu ya iPhone ilikuwa na megapikseli 12 mwaka 2015, na katika toleo la mwaka 2021 zilikuwa 12 vilevile. Sisemi picha hazikuboreka. Ziliboreka, kwa sababu vihisi vya mwanga vilikua na programu za kuchakata picha zikawa hodari. Nasema ongezeko la aina hiyo ni kazi ya fundi mwashi anayenyoosha ukuta tofali kwa tofali, na kazi hiyo inastahili heshima, lakini haichezewi ngoma kila mwaka.

Sifa zilipopungua, majigambo yakaanza kusifia hata kilichoondolewa. Septemba 2016 Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7, na mkuu wake wa masoko, Phil Schiller, akaeleza sababu kwa neno moja: ujasiri. Oktoba 2020 chaja nayo ikatoka kwenye boksi la iPhone 12, safari hii kwa ajili ya mazingira. Samsung wakafanya mzaha mtandaoni kuhusu kukosekana kwa chaja ile. Januari 2021 wakatoa Galaxy S21, nayo haina chaja kwenye boksi. Nikiwa msomaji wa hadithi nimezoea shujaa anayepoteza kitu njiani. Sijazoea shujaa anayenyang'anya abiria mizigo yao halafu anasimama juu ya gogo kudai pongezi.

Baada ya jukwaa huja wahakiki, na hapo napaswa kuwa mwangalifu, kwa kuwa nawahukumu ndugu wa kazi. Nawaheshimu baadhi yao. Marques Brownlee, kijana wa Marekani aliyeanza kurekodi video za vifaa akiwa bado mwanafunzi, ana macho makali na hapayuki. Aprili 2024 alihakiki kifaa kilichoitwa AI Pin, cha kampuni ya Humane: kibandiko cha kuvaa kifuani, cha akili mnemba, kilichokusudiwa kupunguza haja ya kushika simu. Kiliuzwa dola 699, na juu yake ada ya dola 24 kila mwezi. Alikiita kifaa kibaya kuliko vyote alivyowahi kuhakiki mpaka siku hiyo. Wapo waliomlaumu, wakasema mtu mwenye mamilioni ya watazamaji hana haki ya kuua kampuni changa. Februari 2025 HP walinunua sehemu kubwa ya mali za Humane kwa dola milioni 116, na tarehe 28 ya mwezi huo huduma za kifaa kile zikazimwa. Waliokinunua wakabaki na kibandiko kifuani kisichoweza kuulizwa chochote.

Uhakiki ule ulikuwa wa haki. Lakini kisa hicho kinaonyesha upofu wa fani nzima. Karibu hakiki zote za simu huandikwa ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, kifaa kikiwa bado kinanuka boksi. Tunaambiwa kioo kinang'aa kiasi gani juani na mchezo fulani unakwenda kwa kasi gani. Ni sawa na kuhakiki ndoa kwa kutazama video ya harusi. Nani atarudi mwaka wa nne kutuambia betri imevimba, vipuri havipatikani, na masasisho yamekoma? Swali la nini kitatokea siku mwenye kifaa huko aliko akiamua kimekwisha, ambalo ndilo swali la maisha yote ya kifaa, halina nafasi kwenye video ya dakika kumi na mbili yenye tangazo katikati.

Yupo mtu anayelijibu swali hilo kila siku, ila hajiiti mhakiki.

Nilikwenda kwake mwezi wa pili mwaka huu, Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na simu ya mama yangu kwenye bahasha. Mama anaishi Korogwe. Simu ile ilikuwa yangu. Niliinunua mwaka 2015, na nilipopata mpya nikampelekea. Hivyo ndivyo familia yetu ilivyoishi: mimi nikinunua, ya zamani inakwenda kwa mama, ya mama inakwenda kwa binamu yangu Muheza, ya binamu inakwenda kwa watoto wachezee mpaka ife. Juni 2016, simu bandia zilipozimwa Tanzania nzima, nilimpigia mama nikamwelekeza abonyeze nyota, reli, sifuri sita, reli, anisomee tarakimu kumi na tano moja baada ya nyingine, ili nihakikishe ni halali. Ilikuwa halali. Mama alifurahi kama aliyefaulu mtihani.

Sasa ilikuwa imekataliwa kwa njia nyingine. Ile programu ya ujumbe ambayo ukoo wetu wote umo, pamoja na kwaya yake na kikundi chake cha kukopeshana, ilimwandikia kwamba haitafanya kazi tena kwenye simu yake, kwa kuwa mfumo wa simu ni wa zamani. Mama hakuelewa ule ujumbe, ulikuwa wa Kiingereza. Alichoelewa ni kwamba asubuhi moja watu wote walinyamaza.

"Nilidhani nimewaudhi," aliniambia.

Fundi ni kijana wa miaka ishirini na kitu, ana kimeza chenye upana wa sinia, taa, miwani ya kukuza, na mashine ya kupuliza hewa ya moto. Aliifungua simu, akaitazama ndani kwa muda ambao hakuna video ya uhakiki ingeuvumilia.

"Kaka, hii simu nzima," alisema. "Betri imechoka kidogo, nakubadilishia. Kioo kizima. Bodi haijawahi kuguswa maji. Mama anatunza."

"Kwa hiyo utaifanya ifanye kazi?"

"Inafanya kazi. Hii si mbovu, imekataliwa tu. Mbovu naziweza mimi. Zilizokataliwa siziwezi."

Nilimuuliza simu gani nzuri siku hizi. Hakutaja megapikseli. Aliniambia aina moja ambayo tundu lake la chaji hulegea baada ya mwaka, nyingine ambayo kioo chake kina bei kubwa kuliko simu yenyewe ikiwa ya mtumba, nyingine ambayo huifungui bila kuvunja mgongo wake kwa sababu wameigundisha kwa gundi, na moja ya bei ya chini ambayo, kwa maneno yake, haina sifa lakini hairudi. Huo ndio uhakiki niliokuwa nimeukosa kwa miaka kumi. Una kigezo, una ushahidi, na mhakiki ameshika maiti za kutosha kujua zinavyokufa. Akanikumbusha pia kilichotokea Desemba 2017, Apple ilipokiri kwamba masasisho yake yalipunguza kasi ya baadhi ya iPhone za zamani zenye betri zilizochoka, kwa maelezo kwamba ni kuzizuia zisizime ghafla. Kampuni iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. "Watu walikuja hapa wanataka kuuza simu wakanunue mpya," fundi alisema. Miaka ile alikuwa bado mwanafunzi wa fundi mwingine, kwenye kimeza hikihiki. "Bosi akawa anawawekea betri, wanarudi nyumbani wanacheka."

Niliondoka nimefurahi. Nilikuwa nimepata hitimisho la makala hii: wamechakaa wao, si mimi, hamu yangu ilikufa kwa sababu hadithi yao ilikufa. Nilikuwa nimefika Msimbazi, nasubiri daladala, ndipo nikaiona hesabu ambayo sikuwa nimeipiga.

Simu ya mama ilikuwa ya mwaka 2015. Yangu ilikuwa ya mwaka 2018. Kwa mwendo wetu wa zamani, ningekuwa nimenunua nyingine mwaka 2020 au 2021, na hii ya 2018 ingekuwa Korogwe siku nyingi. Binamu angekuwa na ya 2015. Nilipochoka na vipya nilijiona nimekomaa, hata nikajisifu kidogo mbele ya rafiki zangu kwamba mimi sikimbizwi tena na soko. Kumbe nilikuwa nimefunga bomba. Mto ule ulianzia kwangu, na watu watatu chini walikuwa wanachota humo. Mimi nimepoteza hamu. Mama amepoteza kwaya.

Hapo uhakiki wangu ukaniuma. Ni rahisi kuchoka na karamu ukiwa umeshiba. Binti wa binamu yangu ana miaka kumi na saba, na simu yake ya kwanza ya kugusa ameipata kwa mkopo, ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Siku asipolipa simu hujifunga yenyewe mpaka alipe. Kwake kamera ya simu ile si mapambo. Sisi wa umri wangu tuna picha za shule ambamo tunaonekana meno na macho tu, kwa sababu vifaa vya picha vilipimwa kwa miaka mingi kwa ngozi nyeupe. Kampuni ya Transsion ya China, inayotengeneza Tecno, Itel na Infinix, ilipata soko Afrika pamoja na mambo mengine kwa kurekebisha kamera zake zione ngozi nyeusi vizuri, na mwaka 2021 Google nao wakatoa simu waliyoinadi kwa kazi hiyohiyo. Binti huyo alinitumia picha yake na bibi yake chini ya mwembe, jioni, na wote wawili wanaonekana. Siwezi kumwambia kwamba hakuna jipya.

Kwa hiyo hitimisho langu la kituoni halikutosha. Nilitafuta jingine, na nilikopata ni nyuma tena, mwaka uleule wa 2007. Miezi miwili tu baada ya kitendawili cha San Francisco, mwezi Machi, M-Pesa ilianza Kenya. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Huu nao ulikuwa kitendawili, na vipande vyake navyo kila mtu alikuwa anavijua: simu ya tochi, duka la vocha, na mtu wa mjini mwenye mama kijijini. Hadi hapo tulikuwa tunatuma pesa kwa kondakta wa basi tukiomba Mungu. Jibu lake halikumtaka mama anunue chochote. Mpaka leo vidole vyake vinaijua nyota 150 nyota 00 reli hata taa zikiwa zimezimika, na inafanya kazi kwenye kitochi cha bei ya kuku wawili.

Nikiviweka vitendawili hivyo viwili pamoja napata kigezo ninachoweza kukitumia bila kujali kama mimi binafsi nina hamu au sina. Swali lilikuwa la nani kabla jibu halijaja? Kutuma pesa nyumbani lilikuwa swali letu. Kuonekana kwenye picha lilikuwa swali letu. Kupungua kwa unene wa simu kwa upana wa ukucha halikuwa swali la mtu yeyote ninayemjua, na kuondolewa kwa chaja lilikuwa swali la mtu mwingine kabisa. Na wanaposema mfumo wa simu ya mama ni wa zamani, sababu zao za kiusalama huenda ni za kweli. Mifumo isiyosasishwa ina matundu. Lakini anayelipia jibu ni mtu ambaye hakuulizwa swali. Katika kutegana kwetu, aliyeshindwa kutegua huambiwa "nipe mji", naye hutoa mji, jibu likatolewa. Ndiyo sheria, na ni ya haki, kwa sababu alitegwa kwanza. Siku hizi tunadaiwa mji kila mwaka na hakuna aliyetega.

Mwezi wa tatu nilinunua simu. Sikutazama video hata moja. Nilimpigia fundi wa Aggrey, nikamuuliza ile isiyo na sifa lakini hairudi ni ipi, nikanunua mbili, moja yangu na moja ya mama. Yangu ya 2018 ikaenda Muheza. Nilisafiri mwenyewe hadi Korogwe kumhamishia mama vitu vyake, kwa sababu humo kulikuwa na jambo ambalo sikutaka kulifanya kwa kuelekezana kwenye simu.

Baba alifariki mwaka 2019. Macho yake yalikuwa yamepungua, na miaka ya mwisho hakuandika ujumbe, alirekodi sauti. Alikuwa akisafiri kwenda Tanga mjini kwa shughuli zake za ushirika, na akiwa huko alimtumia mama sauti tano, sita kwa siku. Mama hakufuta hata moja. Nilizihamisha zote, nikazihesabu huku na huku mara mbili, zikafika mia mbili na kumi na nne. Nikamwekea mama ya kwanza kwenye simu mpya. Baba anauliza kama fundi bomba amekuja, na kwamba asilipwe yote mpaka amalize, na kwamba yeye atachelewa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Si yeye," alisema.

"Ni yeye, mama. Ni sauti ileile, nimeihamisha tu."

"Ni maneno yake. Sauti imekuwa nyembamba."

Nilichukua simu ya zamani nikaiwasha, nikamwekea hiyohiyo. Alikuwa sahihi. Spika ya simu ile ilikuwa pana, ina mkwaruzo kidogo chini, na baba alikuwa na mkwaruzo kidogo chini. Kwenye simu mpya spika ni safi zaidi. Mhakiki yeyote angeipa alama za juu.

Nilikuwa nimeahidi kuirudisha simu ile Dar, fundi aitoe vipuri. Sikuirudisha. Iko Korogwe mezani, karibu na redio, haina laini, haina bando, betri aliyoiweka yule kijana bado ni mpya. Hakuna programu inayoitambua. Mama anaichaji kila Jumamosi.